Mawe Meupe ya Chemchemi ya Gatina

Nikianza na uvundo nitakuwa nimesema kweli. Sehemu kubwa ya masomo yangu ya ikolojia niliimaliza nikiwa ndani ya gambuti, kwenye mto unaopita chini ya Kambi Muru, Kibera, nikichekecha tope kwa kichujio cha chai kwa sababu cha chuo kilikuwa kimetoboka. Nepi, nywele za saluni, matumbo ya kuku, na ile mifuko iliyofungwa vizuri ambayo kila mtu wa Kibera anajua kilichomo. Jioni nikirudi Kawangware, majirani wa ploti walikuwa wananitaka nivue gambuti nje ya geti, na sikuwalaumu. Lakini kinyaa cha aina hiyo kinaisha kwa sabuni. Ninachotaka kueleza ni kile ambacho mpaka leo hakijaisha.

Utafiti wetu ulikuwa wa kuangalia jinsi viumbe wanavyopotea mjini kadiri dunia inavyozidi joto na majengo yanavyozidi kubanana. Kambi Muru hapakuwa na cha kuangalia, palikuwa pamekwisha. Gatina, hukohuko Kawangware, ndipo palipokuwa na chemchemi moja ndogo, nyuma ya nyumba za kupanga, na kwenye matete yake waliishi vyura. Wadogo, wa kijani, wenye kelele jioni utadhani kwaya ya kina mama iko mazoezini. Sijui walinusurikaje. Nikiwasikia tu, uso wangu ulikuwa unakunjuka.

Pembeni mwa chemchemi hiyo senje alikuwa na kipande chake cha kulima. Senje ni shangazi yangu, dada ya baba, aliyekuja Nairobi kutoka magharibi akiwa msichana na hajawahi kumiliki hata tofali. Hapo alipanda nduma, yale majimbi, na mboga ya managu, akauza barabarani, akasomesha watoto. Sasa mwenye ploti alitaka kuifukia chemchemi ajenge ghorofa. Watu wa mazingira wa serikali walikuwa wamesema wazi kwamba chuo kikithibitisha pana viumbe wa kulindwa, hapajengwi. Kwa hiyo yote yalikuwa mikononi mwa mhadhiri wangu, ambaye angekuja Ijumaa na mgeni kutoka ng'ambo kuwaona vyura kwa macho yao. Vyura wakionekana, senje anabaki. Wasipoonekana, anafukuzwa.

Kumbe bila kuniambia, mhadhiri alimpigia mwenyekiti wa mtaa simu, akamwagiza awaambie watu wajiandae kwa wageni. Jamani. Ukimwambia mama wa Gatina ajiandae kwa wageni, unategemea afanye nini, akae tu? Alhamisi nzima mimi nilikuwa Kambi Muru, tope magotini, sina habari.

Ijumaa asubuhi nilipofika, kina mama wa kanisa la senje walikuwa wanamalizia. Matete yalikuwa yamefyekwa mpaka chini. Ardhi imefagiwa, mistari ya ufagio inaonekana. Mawe yote yanayozunguka maji yalikuwa yamepakwa chokaa, vile yanavyopakwa askofu akija, na chokaa iliyobaki ilikuwa imemiminwa majini pamoja na dawa ya madoa ya nguo ili maji yang'ae. Na yaling'aa kweli. Viluwiluwi walikuwa wakielea matumbo juu, senje ameinama anawatoa kwa kikombe. Vyura wakubwa walikuwa wamekusanywa kwenye ndoo tangu jana yake na kumwagwa kwenye mtaro wa barabarani.

Nilimuuliza senje vyura wamewaondolea nini.

"Mwanangu, wageni wa chuo wakute vyura kwa maji ya watu? Si ni aibu hiyo?"

Nilikuwa nimemweleza mara si moja kwamba vyura ni dalili ya maji mazima, na kwamba ndio watakaomwokolea kipande chake. Alikuwa ananiitikia kwa upole, kama anavyowaitikia wahubiri wa barabarani. Yeye alikuwa na ushahidi wake. Waliokuja Kawangware kuhesabu mbu walirudi na dawa ya kupulizia. Waliohesabu panya walirudi na sumu. Hakuna mtu aliyewahi kuja mtaani kwetu kuhesabu kitu kwa sababu anakipenda. Basi aliponiona nahesabu vyura, akajua kinachofuata, akaamua kutupunguzia kazi. Ningemlaumu kwa lipi? Nilikimbilia mtaroni. Maji yalikuwa meusi, yana mafuta ya gereji juu, na sikuona hata mmoja akiruka.

Wageni wakafika. Yule wa ng'ambo alijiziba pua kabla hajashuka garini, na siku hiyo hapakuwa na harufu yoyote ila ya dawa. Kina mama walikuwa wametandika meza, chai ya maziwa na mandazi, juu kitambaa cha kufuma. Wageni wakasema wameshakula. Mhadhiri, mtu aliyekuzwa na chai hiyohiyo, alimsalimia senje kwa mkono kisha akatoa kichupa akajipaka dawa ya kuua vijidudu mikononi hapohapo mbele yake. Nilitamani kumtemea mate. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Wakazamisha wavu, wakautoa mtupu. Nikamvuta mhadhiri kando nikamweleza kila kitu. Nikamwambia sauti za vyura ninazo, nilizirekodi wiki hiyohiyo. Nikamsihi tungoje mvua ioshe chokaa, turudi, huenda kuna waliojificha kwenye nduma. Alinisikiliza huku akiangalia saa. Mgeni alikuwa na ndege ya jioni.

"Chokaa haimo kwenye utafiti wetu," akaniambia. "Tumekuja, tumetazama, hawapo. Andika hawapo."

Nikakataa kuandika. Akaandika mwenyewe. Halafu, wallahi, akachangamka, akasema sehemu mbili zilizokufa zinaeleza tatizo vizuri kuliko moja. Mgeni akapiga picha ya mawe kwa sababu yalipendeza juani. Senje alikuwa amesimama nyuma ya mandazi yake yaliyopoa, anatabasamu, ananikonyeza kuniuliza kama mambo yameenda sawa.

Nilizipeleka zile sauti kwa watu wa mazingira. Wakasema wanahitaji neno la chuo, si la mwanafunzi. Matingatinga yalikuja kabla ya mvua, na leo pale pana ghorofa yenye duka la simu chini. Senje anauza nduma za watu wengine juu ya gunia pale kituo cha matatu cha Kawangware 46, na analalamika kwamba haziivi vizuri kama zake. Utafiti ulisifiwa mno. Nilikaa ukumbini siku ulipowasilishwa, watu wakisikitika kwa Kiingereza kizuri huku wakitafuna sambusa, na mawe yetu meupe yakajaa ukuta mzima. Wakapiga makofi. Nikatoka nje nikatapika kwenye maua ya chuo. Sipambi lugha, nilitapika.

Picha ile, kama ilivyochapishwa kwenye utafiti, iko kwenye simu yangu. Majuzi nilipokuwa nikimwonyesha senje picha za mtoto wangu, akaikuta, akanishika mkono nisiitoe. Alifurahi sana. Akaikuza kwa vidole, akayatambua mawe moja moja, akanionyesha lile kubwa alilolipaka yeye mwenyewe. Kisha akaniuliza hayo maandishi ya chini yanasema nini.

Nikamsomea. Chemchemi iliyokufa, Nairobi.

Akauliza tena: "Na ni nini iliiua?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikatazama vidole vyake juu ya lile jiwe, nikamsomea tu walivyoandika: joto la dunia. Senje akajipangusa shingo kwa leso, akatazama juu, akasema hata yeye ameona, siku hizi jua limezidi.