Mvua ya Madebe

Nimefanya kazi Mwanza, Tabora, Morogoro na kwingine ambako sikumaliza hata msimu mmoja. Kila nifikapo mji mgeni, kabla sijatafuta chakula, hutazama majengo: maji ya paa yanaangukia wapi, mlango umeelekea wapi, anayesubiri amewekewa kivuli au ameachwa juani. Tabia hiyo niliipata Bukoba, miaka ya mwanzo ya ujamaa, katika chumba cha kupanga pale Hamugembe. Nyuma yake kulikuwa na migomba, mbele yake kibao tulichokiandika wenyewe: Wachora Ramani za Majengo.

Tulikuwa wawili. Bosi wangu alikuwa ametumia ujana wake katika ofisi ya serikali akinakili michoro ya Wazungu. Uhuru ulipopatikana na wakubwa wake kuondoka, wenzake walikaa kusubiri vyeo. Yeye aliacha kazi, akafungua ofisi yake. Mimi nilikuwa nimetoka sekondari, najua kupiga mstari ulionyooka, basi.

Ofisi ilikuwa na sheria moja, na nyingine zote zilitoka humo: hatuchori mpaka tumeona mvua ikinyesha pale tutakapojenga. Kwetu mvua hutoka ziwani asubuhi, inapiga kama imetumwa, na baada ya saa moja kiwanja ulichokiona jana si hicho tena. Bosi aliamini kwamba mushonge, ile nyumba ya Wahaya ya nyasi zilizoshuka mpaka ardhini, ilianza kwa kuijibu mvua.

"Wazee wetu hawakuanza na kuta," alikuwa akiniambia. "Walianza na paa. Walipomaliza wakakuta kuta hazihitajiki."

Kwa hiyo tulikwenda kwenye kiwanja, tukakaa, tukalowa, tukarudi na matope mpaka magotini, ndipo tukachukua penseli. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alitutazama tukiingia dukani kwake hivyo akasema, "Nimeita wachora ramani, nimeletewa wavuvi wa kisiwani Bumbire." Lakini duka lake halikuwahi kuingia maji, na aliwaambia wengine.

Kisha ikaja kazi ya Izigo. Kijiji kipya kilikuwa kinaanzishwa kwenye rweya, ule uwanda wa nyasi ambao kila mtu aliupitia na hakuna aliyeishi. Watu walitaka zahanati yenye chumba cha kuzalia. Tungewauliza wenyeji maji hupita wapi, lakini pale mwenyeji hakuwepo. Kila mmoja alikijua kibanja, shamba la nyumbani alikotoka, mpaka mgomba wa mwisho. Rweya aliijua kama mahali pa kukata nyasi na kuchungia ng'ombe.

Na kilikuwa kiangazi. Ofisa maendeleo wa tarafa, kijana mwenye haraka na mkoba wa ngozi, alitukuta uwanjani tumekaa.

"Ndugu, michoro iko wapi?"

"Mvua haijanyesha," bosi akajibu.

"Huu ni mwezi wa saba."

"Najua."

"Kwa hiyo mja mzito asubiri mawingu? Ninayo ramani hapa mkobani, imechapishwa Dar es Salaam. Imejengwa Dodoma, imejengwa Lindi. Izigo ina nini?"

"Dodoma mvua inanyesha lini, ndugu?"

Watu wakacheka. Ofisa hakucheka. Alichukua nyundo yake ya mbao, akavipigilia vigingi vya ramani yake yeye mwenyewe, akasema Jumatatu msingi unachimbwa, na vijiji vingine vyote vya tarafa vitafuata ramani hiyo. Bosi alibaki akivitazama vigingi. Nilijua anachowaza. Ramani ya mkobani ikishinda hapo, hakuna kijiji kitakachotuita tena, naye atalazimika kurudi kukiomba kile kiti alichokiacha kwa hiari yake.

Mwenyekiti wa akina mama alimwonea huruma, au alitaka kumtania tu. "Waitu, ndugu zetu, kama shida yenu ni maji, maji yapo. Chemchemi ile pale."

Bosi alimtazama. Hakuchukulia kuwa ni utani.

Jumamosi ilikuwa siku ya kazi za pamoja. Wanaume walikata nyasi, ardhi ikabaki wazi, ngumu kwa kwato za ng'ombe. Wanawake walipanga mstari kutoka chemchemi mpaka juu ya mteremko, kila mmoja na debe lake.

"Nimebeba maji tangu utoto, sijawahi kubeba ya kumwaga."

"Beba, dada. Leo wewe ni wingu."

"Basi wingu limechoka, linaomba kiti."

Ofisa alifika katikati ya vicheko hivyo. "Ujamaa huu wa kumwagilia rweya umeandikwa wapi?"

"Simama hapo hapo, ndugu," bosi akasema. "Usisogee."

Alikuwa amesimama kati ya vigingi vyake. Madebe yakamwagwa kwa pamoja. Maji yalishuka yakielekea barabarani, nami nikaona tumeshindwa, kwa sababu huko hakukuwa na kigingi hata kimoja. Kisha yakafika kwenye kinundu ambacho macho yetu yote yalikiona tambarare, yakakizunguka, yakageuka, yakaja moja kwa moja kwenye viatu vya ofisa.

Mwenyekiti wa akina mama akaweka debe chini. "Ndugu, hapo ndipo mlipotuwekea chumba cha kuzalia. Vua viatu, mtoto anakuja."

Ofisa aliagiza yamwagwe tena, kutoka upande mwingine. Yakaja pale pale. Akachukua debe mwenyewe akamwaga mara ya tatu, akayafuata maji taratibu kwa miguu mpaka chini. Aliporudi aling'oa kigingi kimoja, akakifuta udongo kwa kiganja.

"Mchoro utakuwa tayari lini?"

Tulichora bila kulala sana. Chumba cha kuzalia tulikiweka juu ya kinundu. Paa tulilirefusha likafunika baraza pana, ili wanaosubiri wakae pakavu. Maji tuliyapitisha kwenye mfereji wa mawe mpaka mahali pa kupanda migomba. Mlango tuliuelekeza kwenye njia ya miguu, kwa maana Mhaya hupenda mgeni aonekane akija, asikutwe tu mlangoni. Mvua za vuli zilikuta jengo limekwisha, zikapiga wiki nzima. Nililala kwenye baraza lile siku mbili, kwa kupenda tu, nikisikiliza maji yakienda nilikoyachora.

Mwaka uliofuata tuliitwa kijiji kingine cha tarafa hiyo hiyo. Tulipokaribia tukaona mstari wa wanawake wenye madebe, na ofisa wetu juu ya mteremko, mikono ya shati imekunjwa, akiwaeleza wanakijiji utaratibu wa tarafa kuhusu viwanja. Hakututaja.

Nilitaka kusema neno. Bosi alinishika mkono.

"Mwache," akasema, uso wake umejaa furaha ambayo sijaisahau. "Utaratibu ukishakuwa wake, hautategemea tena sisi tuwepo."

Tukaomba debe kila mmoja, tukaingia kwenye mstari.