Ukuta wa Kashebere

Timu yetu ya Kashebere ina kipaji adimu: inaweza kufungwa na mtu yeyote. Imefungwa na wenye viatu na wasio na viatu, na siku nyingine imejifunga yenyewe bila msaada wa mgeni. Mimi nilianza kuifuata nikiwa shule ya msingi. Shule niliiacha. Timu, hapana.

Uwanja wetu uko ubavuni mwa kilima, maana sehemu tambarare zina mihogo, na hakuna mzazi atakayeng'oa mihogo ili vijana wafungwe vizuri zaidi. Mpira ukitoka upande wa chini, unateremka mpaka mtoni, na mto ule haurudishi kitu. Kwa hiyo mashabiki wa Kashebere hawakai. Tunapanga mstari huko chini, bega kwa bega, sisi njo ukuta wenyewe. Mpira unatugonga tumboni ao menoni, tunaurudisha, mchezo unaendelea. Sheria ya mashindano yetu haina huruma: mwenyeji akipoteza mpira, amepoteza mechi. Akipoteza mpira wa pili, timu yake inafukuzwa mashindanoni.

Lakini kila tulipofungwa, ukuta ulipungua. Mpira wa kwanza ulikwenda na maji kwa sababu majirani zangu walikimbia mvua, kana kwamba huku kwetu Walikale mvua ni habari mpya. Basi siku timu ya Mpofi ilipokuja kutufunga, tulikuwa tumebakiza nafasi moja tu ya kuwa timu. Asubuhi, baada ya misa, golikipa wetu aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, utakuja?" Ningemwambia nini? Bila wao, Jumapili ni kula ugali na kuangalia matope.

Ukuta siku ile ulikuwa mimi, mama muuza maandazi, na papa mmoja, baba wa watu, aliyekuwa anapita njia. Mvua ilitunyeshea kwa bidii ambayo washambuliaji wetu hawajawahi kuionyesha. Binamu yangu, aliyehamia Mpofi kwa moyo tu, alisimama upande wa juu chini ya mwavuli.

"Dada, kuja huku! Huku tunashindaka!"

"Kaa nako huko!" nilimjibu.

"Unapenda nini kwa bale bantu? Golikipa yenu hata hashikake mupira!"

"Iko mupole. Hapendi kuusumbua."

Tulikuwa tumeshafungwa mabao manne pale beki wetu alipoamua, kwa mara ya kwanza maishani, kupiga mpira kwa nguvu. Ukapita juu ya kichwa changu. Nikageuka, nikakimbia, miguu ikanitoka, nikateleza kwa makalio katikati ya mihogo ya watu. Nikaupita mpira! Hakuna mchezaji wetu aliyewahi kufanya hivyo. Ukanigonga mgongoni karibu kabisa na maji, nikaukumbatia kama mtoto wangu.

"Mupira iko?" katekista aliyekuwa anachezesha mechi aliita kutoka juu.

"Iko, Papa!"

Binamu yangu alishuka anacheka mpaka anakohoa. Akanivuta mkono, akaona tundu kubwa kwenye ukuta, akafunga mwavuli wake na kusimama pale.

"Sitaki maneno," alisema.

"Nani amesema kitu?"

"Sogea, unaniminya."

Mpofi wakatufunga la tano, safi sana, na filimbi ya mwisho ikalia, mpira ungalipo. Tukaruka! Mama wa maandazi alicheza na beseni kichwani, vijana wakanibeba na matope yangu yote. Kapteni wa Mpofi alisimama anatukodolea macho.

"Munashangilia nini? Tumebapiga tano!"

Golikipa wetu, mwenye udongo mpaka kwenye kope, alimpa mkono kwa heshima zote.

"Asante, kaka. Mukirudi mutatufunga tena."