Kahawa Aliyoiminya Mdogo Wangu

Asubuhi za Desemba huku kwetu juu ya Nyeri huanza kabla hazijaamka vizuri. Ukungu hukaa kwenye mibuni ya kahawa mpaka saa nne, na mtu akipita chini ya shamba unaona kofia yake tu ikielea. Ni katika asubuhi kama hizo ndipo vidole vya mdogo wangu vilipokuwa kazi yangu.

Alikuwa na miaka mitano. Siku ya kufunga shule, mwalimu wake wa chekechea aliniita kando akasema mtoto hajui kushika penseli, anaikamata kwa ngumi kama mwiko wa ugali. Akirudi hivyo Januari, atabaki na watoto wadogo, na rafiki yake wa jirani apande darasa. Mama alikuwa akifanya kazi Timau, kwenye shamba la maua, akija nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kwa hivyo aliyeambiwa ni mimi, na mimi mbele ya mwalimu huwa naangalia viatu. Nilisema tu sawa. Mdogo wangu alisikia yote. Njiani akaniuliza rafiki yake sasa atakaa na nani.

Nilianza vibaya. Kila baada ya chai nilimkalisha mezani, nikamchorea mviringo aufuatishe. Aliikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka, halafu akalia bila sauti, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Cucu, mama yake mama, alitutazama siku tatu. Ya nne akaichukua penseli, akaitia kwenye mkebe wa majani chai, akafunga.

"Mume wangu, kuja tufanye kazi ya watu wazima," akamwambia. Humwita mume kwa sababu amebeba jina la babu, na mtoto huitika kama mzee kweli.

Basi siku zikaanza kuteleza. Alipasua maganda ya minji akitoa punje kwa kucha. Alianika soksi zake kwa vibanio, nyingine zikining'inia kwa uzi mmoja. Mvua ikinyesha alikaa nyuma ya mlango, akifunga na kufungua vifungo vya koti la babu, akiimba wimbo usio na maneno. Mimi nilijifanya nasoma. Sikusoma hata ukurasa mmoja.

Kisha kahawa ikaiva. Tukishachuma, tunaimwaga juu ya gunia na kuchagua: nyekundu huku, za kijani na zilizokauka kule, maana kiwandani wakikuta mchanganyiko watakuambia uchague upya mbele ya watu. Mdogo wangu alipewa kona yake. Nilipogeuka, alikuwa ameacha kuchagua kitambo. Alikuwa anaminya zile nyekundu, moja moja, mbegu mbili zinachomoka, zinaruka, anacheka. Mbele yake kulikuwa na rundo la maganda matupu, na kiwanda hakipokei kahawa iliyominywa.

Nilifungua mdomo nimkemee. Hapo nikaviona vidole. Gumba na cha shahada vimekutana kwenye tunda, cha kati kimelala chini yake kama kitanda. Vile viwili vya mwisho vimejikunja, havina shida na mtu.

"Cucu," nikanong'ona, "hebu angalia."

"Naona. Ananimalizia kahawa." Hakuinua macho. Baadaye kidogo akamsogezea konzi nyingine ya nyekundu. "Mwache. Hata mwenye jina alikuwa ananimalizia tu hivyo."

Januari nilimpeleka shule mimi. Mwalimu akaweka karatasi mezani na penseli juu yake. Mkono ukaenda, na nikaona ngumi ikijifunga. Nikasikia mtu anasema, "Minya kahawa," kumbe ni mimi. Mwalimu akanitazama. Uso ulinichoma, lakini nikarudia kwa sauti: "Minya kahawa."

Ngumi ikafunguka taratibu. Akachora mviringo mmoja uliopinda, kisha mwingine, mpaka likawa tawi zima. Mwalimu akauliza ni nini.

"Ni za cucu. Zimeiva."

Mwalimu alicheka kidogo, akamwonyesha mlango wa darasa linalofuata. Akakimbia kumtafuta rafiki yake, ati hata kunipungia mkono akasahau. Nilirudi peke yangu kwenye ukungu. Karibu na nyumbani nikagundua nimebana vidole vitatu muda wote, na ndani yake hamna kitu.