Babu Yangu, Sajini wa Miguu Minne

Jamani, barua ya serikali ikisema hivi, wewe ungeielewaje?

"Sajini aliyetajwa hapo juu afikishwe kambini kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Aletwe akiwa amefungwa kamba imara na kinywa chake kimezibwa."

Sajini aliyetajwa hapo juu alikuwa babu yangu.

Babu mzaa mama. Mstaafu wa jeshi, miaka sabini na tisa, miguu miwili, meno ya kupachika.

Niliisoma kwa sauti pale sebuleni, nikarudia tena kuhakikisha macho yangu hayanidanganyi. Bibi akaweka kikombe chake mezani taratibu, akamgeukia mumewe.

"Hilo la kuzibwa kinywa," akasema, "mimi naliomba tangu tumeoana."

Nikacheka mpaka nikateleza kwenye kochi. Sina mbavu.

Babu hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: "Wameandika Sajini?"

"Ndiyo, babu."

"Mimi niliishia koplo. Kachero ndiye alikuwa sajini."

Kachero alikuwa mbwa wake.

Sasa nyie ambao hamjakulia kwa wanajeshi, subirini niwaeleze, maana hata mimi siku hiyo ndiyo nilielewa vizuri. Kikosi cha babu kilikuwa cha mbwa wa kunusa mabomu. Kila mbwa alikuwa na namba yake ya jeshi, faili lake na cheo chake. Na cheo cha mbwa kilikuwa juu ya cheo cha mwongozaji wake kwa ngazi moja.

Sababu? Ukimpiga teke mbwa wako, umempiga mkubwa wako wa kazi. Unashtakiwa. Waliotunga hiyo sheria walikuwa na akili sana.

Basi babu na Kachero walikuwa wanahamishwa pamoja kila kituo, na mafaili yao mawili yakifungwa kwa uzi mmoja. La mbwa juu, kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Mwaka jana jeshi likaingiza kumbukumbu zote za zamani kwenye kompyuta. Mtu aliyekuwa anachapa akaona furushi moja, akajua ni askari mmoja.

Babu na mbwa wakawa kitu kimoja.

Ningeliacha hilo liwe kichekesho cha familia, lakini kulikuwa na ukuta.

Kambini walikuwa wanajenga ukuta wa mawe, na majina ya wote waliowahi kupewa Nishani ya Ushujaa yangechongwa pale. Babu anayo hiyo nishani. Aliwahi kusimamisha kikosi kizima hatua chache kabla ya bomu lililofukiwa njiani. Watu thelathini na moja wakarudi kwao wazima. Hadithi hii tumelishwa tangu tukiwa wadogo, ingawa cha ajabu msimuliaji alikuwa bibi. Babu nishani yake aliiweka kwenye kopo la majani ya chai, hata siku moja sisi hatujamwona ameivaa. Tukasema mzee mnyenyekevu.

Orodha ya ukuta ilikuwa inafungwa Ijumaa. Mchongaji anachonga kilichomo kwenye kompyuta, hana habari na mengine. Hiyo barua ilifika Jumatatu.

Mimi nina duka la steshenari. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu. Fomu ya ardhi, ya pasipoti, ya mirathi, leta. Hakuna fomu iliyowahi kunishinda, na kichwa kimevimba kwa hilo, sifichi. Nikasema jina la babu yangu litakaa kwenye ule ukuta kabla hajafumba macho, nisipoweza nafunga duka.

Tena kwa kiherehere changu nikachapa kabisa fulana ishirini na tatu za ukoo: MJUKUU WA SHUJAA.

"Babu, Alhamisi tunaenda masjala kurekebisha."

Akanigeukia. "Kila kitu kinarekebishwa huko?"

"Kila kitu."

"Hata cha zamani sana?"

"Babu, ndiyo kazi yao!"

"Basi twende, mke wangu," akanitania kama kawaida yake, akimwonyesha bibi kwa kidevu. "Na mke mwenzako aje. Nataka awepo."

Usiku huo nasikia hakula vizuri. Mimi nikadhani ni furaha.

Kanuni zilitaka shahidi aliyetumikia jeshi pamoja naye. Katika wale thelathini na moja walikuwa wamebaki watatu, na mwenye akili zake timamu alikuwa mmoja: mpishi wa kikosi, mzee mmoja mfupi mwenye fimbo, wanamwita Sufuria. Tulimpitia kwake asubuhi. Alikuwa amevaa suti na kofia ya jeshi, amesimama mlangoni kabla hata sijapiga honi.

Masjala ni chumba kirefu chenye kaunta, feni moja inayolia kama ina kikohozi, na mafaili mpaka darini. Karani alikuwa binti wa jeshi, sare imepigwa pasi inasimama yenyewe, uso hauchezi hata kidogo.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

Akageuza kompyuta yake kidogo ili tuone. "Utaratibu ni huu. Nasoma mstari mmoja mmoja. Mnaniambia ni wa nani, shahidi anathibitisha, naupeleka kwenye faili lake. Kila mstari lazima upate mwenyewe. Baada ya hapo unakula kiapo, mzee, na hakuna kurudi nyuma. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikajibu mimi. Kiherehere.

"Urefu, sentimita sitini na moja mabegani."

"Mbwa," akasema babu.

"Ameoa."

"Mimi."

"Meno yote yapo, makali."

"Mbwa," akasema bibi haraka.

"Sikio la kushoto limechanika."

"Mbwa."

"Amehasiwa."

"Mbwa!" Hapo babu, bibi na Sufuria walisema kwa pamoja, na bibi akaongeza, "Andika kwa wino mzito, mwanangu. Nina watoto saba mimi."

Karani hakucheka, ila niliona anauma mdomo wake kwa ndani.

"Hupiga kelele akiwa amelala."

Babu akatazama dari. Bibi akamtazama babu.

"Hilo waandike wote wawili," akasema bibi.

Nyie, nilikuwa nimeshika kaunta kwa mikono miwili. Sufuria alikuwa anafuta machozi kwa kofia yake. Watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yetu wakaanza kusogea, mmoja akaacha kabisa shida iliyomleta akaja kusikiliza.

"Adhabu," akasoma karani. "Aliiba paja zima la mbuzi jikoni, nyama iliyotengwa kwa ajili ya mkuu wa kambi. Alifungiwa bandani siku saba, bila nyama."

"Mbwa huyo!" Sufuria akagonga fimbo chini. "Namkumbuka! Mimi nilikaripiwa mbele ya gwaride kwa ajili yake. Miaka hamsini sijamsamehe yule kiumbe!"

Karani akaweka kidole kwenye kitufe.

"Mimi," akasema babu.

"Mzee?"

"Hilo ni langu. Nilikula mimi."

Feni ikakohoa.

"Wewe?" Sufuria akageuka polepole. "Wewe uliyenisaidia kumtafuta mwizi?"

"Nilikuwa na njaa."

"Paja zima?"

"Kachero nilimpa mfupa. Wakamkuta nao."

Sufuria akamfuata na fimbo, wallahi, mzee wa miaka themanini, akamzungusha babu kaunta nzima mara mbili. Bibi alikuwa ameketi chini anapiga mapaja yake kwa kicheko. Watu wa foleni wakawashangilia, huku wanamshangilia mkimbizaji, kule mkimbizwaji. Karani naye akashindwa, akajificha nyuma ya kompyuta, tukawa tunaona mabega tu yanatikisika.

Walipochoka wakaegemeana, wanahema.

"Umebaki mmoja," akasema karani akijikaza. "Mstari wa mwisho. Nishani ya Ushujaa."

Nikavuta pumzi. Hapo sasa! Hilo ndilo lililotuleta.

"Babu yangu!" nikasema.

"Mbwa," akasema babu.

Nikadhani ni utani umemkolea. Nikamgusa mkono. "Babu, nishani hiyo."

"Nimesikia. Ni ya mbwa."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa lile kopo la majani ya chai, akaliweka juu ya kaunta.

"Siku ile jua lilikuwa kali," akasema. "Tulikuwa tunatangulia, mimi na yeye. Akakaa njiani. Wamefundishwa hivyo, wakinusa baruti wanakaa. Mimi nikaona amechoka, anadeka. Nikamvuta. Akagoma. Nikamvuta tena, nikamtukana. Mara ya tatu akanionyesha meno, ndiyo mara pekee aliwahi kunifanyia hivyo. Ndipo akili ikanirudia, nikanyoosha mkono, wenzangu wakasimama."

Akafungua kifuniko cha kopo.

"Afande akaandika koplo amesimamisha kikosi. Nikamwambia ni mbwa. Akasema nishani haibandikwi kwenye manyoya. Basi nikanyamaza, maana kulikuwa na msichana nilitaka kumpelekea picha nikiwa na nishani kifuani. Kosa langu amebeba yeye, sifa yake nimevaa mimi. Sitaki kufa hivyo."

Mimi, mbele ya maneno mazito kiasi hicho, nikawaza fulana ishirini na tatu. Nisameheni.

Halafu nikakasirika kweli. "Babu, ukisema hivyo jina lako halichongwi. Unaelewa? Kwenye faili lako inabaki kuoa na kuiba mbuzi!"

"Ndiyo maisha yangu hayo," akasema. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama bibi, kwa uoga ambao sijawahi kuuona kwa yule mzee. Nikaelewa kwa nini alitaka bibi awepo, na kwa nini hakula.

"Ulikubali kuolewa nami kwa sababu ya ile nishani," akamwambia. "Kila mtu anajua."

Bibi akainuka pale chini, akajifuta vumbi bila haraka.

"Kila mtu nani?" akasema. "Kwenye ile picha wewe ulikuwa umekunja uso kama umemeza limau. Mimi nilimtazama mbwa. Kila mtu pale alikuwa anatazama kamera, ila yeye alikuwa anakutazama wewe. Nikamwambia mama, mtu anayetazamwa hivi na mbwa hawezi kuwa mbaya nyumbani."

"Kwa hiyo nishani..."

"Nishani niliwasimulia watoto ili wakuheshimu. Ningewaambia nilikupendea mbwa?"

Babu akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Sufuria alipoulizwa kama anathibitisha, akasema siku ile alikuwa wa tatu kwenye msafara, na masufuria yote mgongoni, na yote ni kweli. "Mbwa alikaa. Huyu alivuta. Andika. Na huyo mbwa, Mungu anisamehe, nimemsema vibaya miaka hamsini."

Babu akaapa, akatia sahihi. Karani akalichukua lile kopo kwa mikono miwili.

Siku ya sherehe tulikaa nyuma kabisa, maana viti vya mbele vilikuwa vya wenye nishani na jamaa zao. Mimi nilikuwa bado nimenuna. Fulana nilikuwa nimeziacha dukani. Babu sasa, amechangamka kama bwana harusi, anamtania Sufuria, anaomba peremende kwa watoto wa watu.

Msomaji akasoma majina, mmoja mmoja, jamaa wanapanda jukwaani.

"Sajini Kachero, kikosi cha mbwa. Marehemu. Nishani yake itapokelewa na ndugu yake wa karibu."

Tukatazamana. Ndugu wa karibu? Wa mbwa?

Yule karani alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa, anatutazama sisi moja kwa moja, na safari hii uso wake haukuwa na sare, unatabasamu.

Kumbe faili la mbwa lilikuwa na ukurasa wa mwisho ambao kompyuta iliuruka. Kila askari kabla ya kupelekwa vitani hujaza nani aitwe akifa, na kwa kuwa Kachero alikuwa askari, naye alipewa fomu yake. Mwongozaji wake alimjazia kwa mkono.

Msomaji akaisoma kama ilivyo. "Ndugu wa karibu: mwongozaji wake. Uhusiano: mdogo wake."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kisha, sijui nani alianza, watu wakasimama na kupiga makofi, na makofi hayakukoma mpaka babu amefika mbele. Mkuu wa kambi akataka kumbandika ile nishani kwenye koti. Babu akarudi nyuma hatua moja, akanyoosha viganja.

"Usinibandike, afande. Mimi napokea tu."

Alipokwisha kuishika, akaipigia saluti. Koplo kwa sajini, kama inavyotakiwa.

Bibi alikuwa amepanda juu ya kiti, anapiga vigelegele, na mimi nilikuwa nalia kama mjinga huku nikimshika asianguke.

Kwa hiyo nyie mnaosoma hapa, nawaambia nililojifunza, mkitaka mchukue. Mzee wenu akiikimbia sifa mliyompa, msimkimbize nayo. Kaeni naye chini mumuulize ni ya nani. Inawezekana ameibeba muda mrefu akitafuta tu mtu wa kumrudishia.

Jana amekuja mteja dukani, dereva wa lori, nimjazie fomu ya kazi. Nikafika kwenye kile kipengele, nikamuuliza, "Ndugu wa karibu?" Akafikiri, akatazama nje, akafikiri tena. Zamani ningemwambia afanye haraka, foleni ni ndefu. Safari hii niliweka kalamu chini nikamsubiri.