Mama wa Machungwa na Pembe ya Milimani

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Makuyuni, nikaambiwa kwamba yule mama muuza machungwa wa sokoni Korogwe amefariki na ameshazikwa. Ninyi wasomaji wangu hamkumfahamu. Mimi mwenyewe nilimfahamu kwa msimu mmoja tu wa machungwa, nikikaa pembeni ya meza yake kwa sababu pale mtandao ulishika vizuri kuliko kwetu Kwamsisi. Kila nikimkumbuka nacheka kwanza, halafu ndipo nasikitika.

Siku hizo nilikuwa nachora ramani ya dunia kwa ajili ya mchezo wa vita unaochezwa mtandaoni. Wachezaji wanne hupangiwa kila mmoja pembe yake. Hulima, huchimba madini, kisha huvamiana. Nilihesabu kwa uangalifu: kila pembe mashamba sita, migodi mitatu, mto mmoja. Niliona nimetenda haki. Lakini aliyepangiwa pembe ya milimani alishindwa kila mara, na malalamiko yakazidi. Wasimamizi wa mchezo wakanipa hadi Jumapili: nirekebishe, la sivyo ramani inaondolewa. Ilikuwa ramani yangu ya kwanza kukubaliwa, kazi ya miezi mingi, na kuuliza watu ni jambo linalonipa shida.

Mama akaona nimekunja uso. "Mwanangu, simu imekukosea nini?" Nikajibu kwa kumwamkia tena shikamoo. "Marahaba ya pili hiyo leo. Sema!" Nikamwonyesha ramani na pembe inayolalamikiwa. Akanyoosha kidole hadi milimani. "Hapa si kwetu Usambara? Nyie Wazigua wa bondeni mmetunyima!"

"Hapana, mama, kila mtu ana mashamba sita."

"Sita ya wapi? La bondeni na la mteremkoni ni shamba moja? Hebu hesabu mafungu yangu."

Fungu moja lilikuwa na machungwa matano makubwa, jingine saba madogo, jingine sita kwa sababu moja lilikuwa na kovu. Bei moja yote. "Ningepanga matano matano," akasema, "hayo madogo ningerudi nayo nyumbani Makuyuni." Nikamuuliza anajuaje kama yamekaa sawa. "Nyamaza, tazama watu. Wakilikimbilia moja, umezidisha. Likibaki moja, ongeza."

Basi nikaacha kuwapangia wachezaji. Nikawaacha wachague pembe wenyewe. Milimani hakwenda mtu. Nikaongeza mashamba mawili na mgodi. Kesho yake wote wakapakimbilia, na mama akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani: "Sasa umetuhonga!" Nikauondoa mgodi, mashamba nikayaacha. Kufikia Jumamosi kila pembe ilikuwa na wanaoigombea. Jumapili ramani ikabaki, na hadi leo inachezwa na watu wa nchi nisizozijua.

Tunapenda kugawa kwa kuhesabu kwa sababu hesabu haibishani na mtu. Shuleni kwetu kila mtoto alipewa daftari moja, aliyekaa karibu na shule sawa na yule aliyevuka mto kila asubuhi akafika nalo limelowa. Tukasema tumepewa sawa, na mwalimu akatia alama ya vema.

Mama yule hakuwahi kucheza mchezo wowote wa simu, lakini aliniachia kipimo ambacho sijapata kingine kinachokishinda. Ukimaliza kugawa, usijiulize kama umetoa sawa. Jiulize kama wewe mwenyewe ungepokea fungu lolote kati ya hayo bila kununa.