Jicho la Mbuzi, Jicho la Mutisya

Mara ya mwisho ulipofikicha jicho, ulinawa mikono kwanza? Usidanganye.

Mutisya amefanya biashara ya mbuzi katika soko la Ikutha kwa miaka thelathini. Kila mbuzi anayetaka kumnunua, humvuta ukope wa chini. Ndani pakiwa peupe, ana minyoo. Pakiwa pekundu, ana damu, ni mzima. Ndiyo maana asubuhi moja alipoamka na jicho la kushoto jekundu, aliuvuta ukope wake mbele ya kioo na kucheka.

"Wayua," alimwita mkewe, "njoo uone damu ya mwanamume mzima!"

"Mzima gani, na tongotongo zimekugandisha kope?"

Siku ya pili jicho la kulia likafuata. Dunia ikawa kama kitu kilicho chini ya maji: vilima vilielea, mbuzi walitembea bila miguu, jua likaota manyoya. Mutisya angeweza kuupenda ulimwengu huo, lakini mke wa mwanawe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Kesho yake asubuhi, mtoto akitimiza siku ya tatu, wanawake wangekuja kumpa jina, na jina lilikuwa lake yeye Mutisya. Nyumbani kwao mwenye jina ndiye humpakata mtoto kwanza.

Akaenda zahanati.

"Ni vumbi la soko, daktari."

"Vumbi na moshi huwasha macho yote pamoja na kutoa machozi," alisema nesi Muthoki. "Haya yako yalianza jicho moja, yakahamia la pili, na yana usaha. Huo ni ugonjwa wa kuambukizana. Nani mwingine ana macho mekundu?"

"Gedion, mwenzangu sokoni. Niliazima hankachifu yake."

"Basi ulirudi na ugonjwa wake nyumbani. Mara nyingi ni virusi, huisha vyenyewe. Lakini usaha mwingi hivi ni bakteria. Chukua matone haya."

"Na mjukuu, kesho?"

"Usimguse. Jicho la mtoto mchanga huharibika upesi."

"Lakini wekundu ni afya!"

"Kwani wewe ni mbuzi, mzee?"

Njiani aliwaza miwani myeusi ya Gedion. Angeivaa, nani angejua? Akamwona mtoto mikononi mwake, mwepesi kama pamba, halafu akamwona akiamka na kope zilizogandana. Alipofika nyumbani alimwomba Wayua beseni lake peke yake, taulo lake, na sabuni.

Asubuhi iliyofuata alikaa kwenye kigoda upande wa pili wa ua, viganja amevikalia. Wanawake waliimba ndani, kisha Wayua akatoka na mtoto na kusimama hatua kumi kutoka kwake.

"Mwite basi," alisema. "Sauti haiambukizi."

"Mutisya," aliita mzee.

Kupitia ukungu wa macho yake alimwona mtoto akipepesa kope, akafumbua macho meusi, safi, akageuka kuielekea sauti.