Mkalimani wa Kitanda cha Dirishani

Nilimtafsiria mama yangu ugonjwa wake kwa uongo, tena kwa Kihehe kibovu, mbele ya mtu aliyekijua Kihehe kuliko mimi. Makosa yangu mengine huwa nayasingizia ujana, au umeme kukatika. Hili halina wa kusingiziwa. Nilikuwa mtu mzima, nimeshakunywa chai, na ilikuwa asubuhi kweupe.

Kwanza nijieleze, maana bila kunijua hutaelewa ujinga ulitokea wapi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nina kiduka cha dirishani hapa Mbeya, vocha, sabuni, viberiti, na sababu kubwa ya kukifungua pale dirishani ni kwamba kiti changu kilikuwa pale tayari. Kwenda Mwanjelwa kufuata bidhaa, kwangu ni safari; narudi nimechoka kama niliyetoka Dodoma kwa miguu. Mke wangu husema siku nikifa hawatapata shida ya kunitafuta.

Mama aliishi kwake, kijijini, mbele kidogo ya Mafinga, kwenye nyumba ya matofali aliyoijenga pamoja na marehemu baba. Nyuma misonobari, mbele njegere. Chakula kilipoanza kumkwama kooni, dada yangu, anayeishi Iringa mjini, alimpandisha basi akamleta kwangu. Alisema nipo karibu na hospitali kubwa. Halafu akaongeza, "Na wewe huendi popote, utakuwepo tu." Hiyo ndiyo sifa yangu pekee kwenye ukoo wetu.

Vipimo vilichukua muda, mama akalazwa, kitanda cha dirishani. Kiswahili alikijua, cha sokoni na cha kanisani, lakini cha daktari kilimpita juu kwa juu. Tena tangu aumwe alikuwa amerudi kabisa kwenye Kihehe, kama mtu anayevaa gauni lake la zamani kwa sababu halimbani. Kwa hiyo mimi nikawa mkalimani. Nilianza vizuri. "Anauliza umelalaje." "Anasema vibaya." Kazi nyepesi, nikaanza kujiona msomi.

Kisha siku hiyo daktari, dada mmoja mdogo kwa umri, akavuta kiti akakaa. Nikajua. Daktari wa wodi hakai bure.

"Kaka," akasema, "naomba umfikishie mama maneno yangu kama yalivyo. Usipunguze."

Akasema ni saratani ya koo la chakula na imeshafika kwenye ini. Haitapona. Wanaweza kumfanyia upasuaji, wamwekee mpira tumboni wa kupitishia chakula, kisha apelekwe Dar es Salaam kwa mionzi. Huenda akaongezewa muda kidogo, ila sehemu kubwa ya muda huo ataumalizia hospitalini. Au waache hayo, wampe dawa ya kutosha ya maumivu, arudi nyumbani, na wahudumu wamfuatilie huko. "Mwulize anataka lipi."

Nikamgeukia mama. Kwa Kihehe nikasema, "Daktari anasema una kidonda kooni. Watakuwekea kampira kadogo, utapona."

Mama akaniangalia. Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia utotoni nikimwambia sukari imeliwa na panya. Akasema, polepole kwa sababu koo lilimuuma, "Mwambie sitaki mpira. Huu ugonjwa naujua, ndio uliomchukua dada yangu. Mwambie nataka kwenda kwangu."

Nikamgeukia daktari. "Anasema sawa. Fanyeni kila mnachoweza."

Nimejiuliza sana kwa nini. Woga, ndiyo. Tena nilidhani mtoto mwema ni yule anayesema fanyeni kila kitu. Nani anataka kuwa yule aliyesema basi? Lakini kulikuwa na sababu ya tatu, na hiyo sikumwambia hata mke wangu mpaka baadaye. Mama akienda kwake, lazima mtu aende naye akakae. Na ukoo mzima ulijua ni nani huwa yupo tu.

"Hajasema hivyo."

Sauti ilitoka kitanda cha pili. Alikuwepo pale bibi mmoja aliyeletwa alfajiri, ana kidonda cha mguu kwa sababu ya kisukari, amejifunika khanga mpaka kichwani, nami nilidhani amelala. Nilikuwa nimemsikia akiongea na nesi Kiswahili cha pwani kilichonyooka, nikajiambia huyu Kihehe atakijulia wapi. Khanga ikashuka mpaka kidevuni.

"Daktari, samahani kwa kuingilia. Huyu kijana anakudanganya wewe, na anamdanganya mama yake vilevile. Mimi nimezaliwa Iringa mjini, marehemu baba alikuwa na duka pale, nimecheza na watoto wa Kihehe kabla sijajua kusoma. Huyu mama hataki mpira. Anataka kwake."

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Lakini haya ni mambo ya familia."

"Marahaba. Ya familia ungeyasema kwa kunong'ona. Halafu Kihehe chenyewe unakisema kama umekinunua mnadani."

Mama alicheka. Kicheko kilimuuma, akashika koo, akaendelea kucheka. Kisha akamwambia yule bibi, "Kamwene," naye akaitikia, wakaanza kuamkiana na kuulizana ukoo, nyumba ipi, mtaa gani, duka la nani, huku daktari na mimi tumekaa kama watu wanaosubiri kukatiwa tiketi.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Kaka, mama yako ana akili timamu?"

"Kuliko mimi."

"Hilo nimeshaliona. Basi mwili ni wake na kauli ni yake. Ningempasua kwa hiyo 'sawa' yako, ningekuwa nimempasua mtu aliyekataa. Sheria hairuhusu, na hata ingeruhusu mimi nisingelala."

Akamwomba yule bibi awe mkalimani. Kwanza akataka mama mwenyewe akubali mgeni aingie kwenye mambo yake. Mama akajibu kwa Kiswahili, "Keshaingia." Kisha daktari akarudia yote tangu mwanzo, na bibi akayapitisha moja moja, bila kupunguza. Lilipofika neno la kwamba haitapona nilitaka kuziba masikio, mimi, niliyekwisha kulisikia. Mama aliitikia kwa kichwa. Akauliza jambo moja tu: hiyo dawa ya maumivu, ataipata kila anapoihitaji, au itabidi aombe-ombe? Daktari akamwambia hataomba. "Basi nyumbani," akasema mama. "Kwa huyu mwanangu nikiamka gizani sijui mlango uko wapi. Kwangu najua."

Hapo ndipo liliponichoma. Mimi, ninayependa nyumbani kuliko mtu yeyote Mbeya hii, ndiye niliyetaka kumnyima mama yangu nyumbani.

Dada alifika kesho yake na chupa ya uji na hasira ya kutosha kwa wodi nzima. Alianza na mimi, ambalo lilikuwa jambo la haki, kisha akageukia wengine.

"Kumtoa hospitali ni kumwua! Watu watasemaje? Watasema tumechoka kuuguza! Baba mdogo amenipigia, anasema ukoo haujakaa!"

"Nyie," mama akasema kwa Kiswahili chake, sauti ndogo. "Mimi ndo naumwa. Baba yenu mdogo anaumwa wapi?"

Dada akakaa chini. Alipofungua mdomo tena haikuwa hasira. Alimwuliza daktari swali ambalo mimi sikuwa na ujasiri wa kuliuliza: siku koo likifunga kabisa, na sisi hatukuweka mpira, si tutakuwa tumemnyima chakula mpaka afe?

"Kitakachomwondoa ni ugonjwa," daktari akasema. "Kutomlazimisha kitu alichokikataa, akiwa na akili zake, na ameelezwa akaelewa, si kumwua. Mtamkosea mkimwacha na maumivu. Na kama atabadili mawazo, hata wiki ijayo, mlete. Mlango haufungwi."

Akaja na nesi wa tiba shufaa, huduma ya wagonjwa ambao hawatapona lakini hawaachwi. Alituonyesha dawa ya mofini ya maji, namna ya kuipima na namna ya kuitunza, maana inatolewa kwa utaratibu mkali. Baba mdogo, aliyekuwa anasikiliza kwenye simu ya dada, akapaza sauti kwamba huo ni ulevi, shemeji yake hajawahi kuonja hata ulanzi.

"Mzee wangu," nesi akamjibu, "maumivu aliyonayo, tukiipima sawasawa haimleweshi. Inampa usingizi alioukosa."

"Haya," simu ikasema. "Lakini ukoo ukiuliza, mimi sikusema."

Tulikodi gari. Mke wangu alibaki na kiduka, akanifungia nguo kana kwamba nakwenda ng'ambo. Nilianza kutapika kabla hatujafika Makambako, na aliyenishikia mfuko alikuwa mama. Mgonjwa wa saratani akimshikia mfuko mtu mzima wa kidato cha nne, anampigapiga mgongoni, anamwambia dereva apunguze mwendo kwa ajili ya mtoto.

Nilitegemea kwenda kukaa na kifo. Nilikwenda kukaa na mama. Dawa ilipoanza kushika, aliyeamka asubuhi ya pili hakuwa yule wa wodini. Alitaka kujua kuku mwekundu yuko wapi. Alitaka mkeka uwekwe juani, ukutani, mahali baridi haifiki. Kutoka pale aliona njegere zake na malori ya mbao yakipita, na alinitawala kama waziri. Njegere zile hazijapaliliwa. Kuni zile umezipanga kama nani? Jioni alinifundisha Kihehe, kwa madai kwamba yule jirani yake wa kitandani alisema ukweli kuhusu mnada. Hivyo ndivyo alivyomwita, jirani yangu, na walipigiana simu mara kwa mara, wakicheka mambo ambayo sikuyaelewa yote. Nadhani ni mimi.

Alasiri moja mambo yalibadilika. Dada alikuwa amekuja kututazama. Mama alipaliwa na maji, akakohoa asipate pumzi vizuri, macho yakamtoka. Dada akawa ameshaita gari la kumrudisha hospitali, simu bado ipo mkononi. Mimi nikampigia nesi wa tiba shufaa. Nikamweleza. Nilitarajia aniambie nini cha kufanya, lakini yeye kwanza akauliza:

"Mama mwenyewe anasemaje?"

Mama alikuwa akinitazama. Hakuweza kusema, alikuwa akitikisa kichwa na kushika ukingo wa kitanda chake kwa mikono miwili. Dada akanikazia macho, machozi yanamtiririka. Nilikuwa mkalimani tena, na safari hii hapakuwa na mtu kitanda cha pili.

"Anasema hapana," nikasema.

Sijawahi kusema neno zito kama lile. Nesi akatuelekeza, kwa sauti ya mtu anayefundisha kupika: tumkalishe, tumwegemeze mbele, tusimpe kitu mdomoni mpaka atulie, kisha dawa kiasi alichokitaja. Dada akaacha simu, akaja nyuma ya mama akawa mto wake. Pumzi ikarudi kidogo kidogo. Jua lilipokuwa linazama mama alikunywa chai kwa kijiko, akamwambia dada, "Gari lako lirudishe, au lipakie mbao."

Tangu siku ile dada hakusema tena la watu watasemaje. Njegere zilikomaa, mama akazila, zimepondwa mpaka zikawa supu. Hicho ndicho alichokuwa amekirudia nyumbani, ukiniuliza mimi. Alifariki baada ya mavuno, kitandani kwake, mlango uko pale anapoujua, dada amemshika mkono na mimi sipo mbali kuliko jikoni. Hatukugombana na mtu. Hata baba mdogo, aliyesema hakusema, alisema tulifanya vizuri.

Lakini ninapomkumbuka mama simwanzii siku hiyo. Namwanzia siku ambayo jirani yake alikuja. Mguu ulikuwa umepona kiasi, alikuwa anakwenda Iringa kwenye harusi ya mpwa wake, akashuka Mafinga akatafuta bodaboda, umri ule, na ushungi wake na fimbo na kifurushi cha tende ambazo mama asingeweza kuzila. Walishikana mikono muda mrefu. Mama alikuwa amekonda sana wakati ule, na bibi hakujifanya hajaona. Wakakaa mkekani, wakasema Kihehe chao cha haraka.

Mimi nikaingia jikoni kuonyesha nilivyoendelea. Nilipika uji wa ulezi, nikauleta kwenye bakuli kwa heshima zote, nikampa mgeni auonje kwanza. Akachota kijiko. Akakiinua juani, akakigeuza, akakirudisha bakulini. Mama alikuwa ameshaanza kucheka. Bibi akaniangalia, akaacha Kihehe, akalisema kwa Kiswahili, asije mtu akalitafsiri:

"Mwanangu, mama yako anakufa, hilo yeye analijua, mimi nalijua, na daktari alilisema; lakini kwa uji huu wenye madonge, utamwua wewe kabla ugonjwa haujapata zamu yake."